Dawa ya Prosesa

Siku niliyoagwa kazini nilipewa saa ya ukutani, doti ya kitenge, na nafasi ya kusema machache. Nikasema machache kweli, maana pilau ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikuwa ameanza kuiangalia ile saa yangu. Kesho yake vijana wa karakana wakanilalamikia: wameagana na mtu aliyeshika bisibisi tangu wao hawajazaliwa, na hawakuambulia kitu zaidi ya chakula. Basi haya ndiyo niliyoyameza siku ile. Vyeo vyangu na mishahara yangu vimo kwenye faili. Mwenye hamu navyo akasome huko, hatachukua muda. Mimi nataka kuzungumzia prosesa, na mtu aliyenifundisha kuziheshimu, na neno moja ambalo nusura liwanyang'anye watoto wa Mbekenyera chumba chao.

Sikuanza na bisibisi. Nilianza kama mpiga chapa, Nachingwea mjini, katika ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa baadhi ya wahusika bado wanapita njia moja na mimi kwenda sokoni. Chumba chetu cha taipu kilikuwa chini ya Bi Kostansia, mama wa parokiani, mkali wa herufi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Ukikosea herufi moja alikurudishia ukurasa mzima. Tulielewana, kwa sababu nami nina ugonjwa huohuo: naliona kosa la herufi kabla sijaiona maana ya sentensi. Marehemu mume wangu aliniandikia barua ya uchumba, nikamrudishia ikiwa na masahihisho, na bado akanioa.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilipewa meza ya peke yake, na haikukaa sana Bi Kostansia akawa ameifumia vitambaa. Watu wa rika langu wanajua: redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Alifuma kwa uzi mweupe. Cha skrini kilikuwa na maua, na cha lile boksi ambalo sote tuliliita sipiyu kilishuka mbele na nyuma mpaka mezani. Kilipendeza hasa. Tatizo ni kwamba hakikuvuliwa hata mashine ikiwa kazini, maana vumbi jekundu la Nachingwea nalo halingoji mtu amalize kuandika.

Basi kila siku ikikaribia saa ya chai mashine ikawa inazimika yenyewe. Ukiiwasha inawaka, inakaa kidogo, inazimika tena. Mhasibu akasema imeshazoea ofisi, nayo inataka chai. Mwingine akanong'ona kwamba chumba kile kina jambo, aitwe shehe au padri, yeyote atakayewahi. Badala yao akaitwa Fundi Benedikti.

Huyu alikuwa mtu wa Chiola, fundi wa redio na friji za hospitali moja ya misheni, aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua zilizokufa. Alifika kwa baiskeli, akachomoa pampu ya baiskeli akaingia nayo ndani, nikadhani anaogopa wezi. Hakugusa kitufe chochote. Aliweka mgongo wa kiganja chake ubavuni mwa boksi, kama mama anavyompima mtoto paji la uso, akatikisa kichwa. Kisha akakivua kile kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akamkabidhi Bi Kostansia kwa mikono miwili.

"Mama, huyu ana homa," alisema. "Mwenye homa hafunikwi blanketi."

Nyuma ya boksi, pale kitambaa kilipokuwa kimeziba, ndipo palipokuwa na matundu ya kutolea joto. Akapuliza kwa pampu yake mle ndani, vumbi likatoka kama tunapepeta ufuta, akaiwasha, na siku ile tulikunywa chai sisi tu. Bi Kostansia hakumsemesha mpaka Pasaka. Lakini tangu siku hiyo kitambaa kikawa kinavishwa jioni mashine ikishazimwa na kupoa, na hilo ndilo somo langu la kwanza la ufundi: kitu unachokipenda unaweza kukiua kwa kukifunika.

Ofisi ikataka mtu mmoja akajifunze kwa Benedikti ili asiwe anaitwa kila mara. Wanaume wa ofisini wakakumbuka ghafla kwamba wana majukumu mengi, nikabaki mimi. Kwa muda mrefu watu waliofungua mlango wa karakana waliniuliza fundi yuko wapi, nami niliwajibu kwamba ametoka, wakae wamsubiri, halafu naendelea na kazi mbele yao mpaka mashine yao iwake. Raha niliyoipata pale nisingeibadilisha na cheo chochote.

Kwa Benedikti kila mashine ilikuwa mgonjwa. Feni ikikwaruza alisema ina kikohozi. Skrini ikifa, upofu. Ikizimika yenyewe, imezirai. Na ule uji mzito mweupe unaokaa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, yeye aliuita dawa. Wote tuliofundishwa naye tukauita dawa. Niwaeleze hapa kwa utulivu, kwa sababu nimeona vijana wengi wanaopaka bila kujua wanapaka nini. Prosesa ni kigae kidogo, hata kwenye kiganja cha mtoto kinatosha, lakini ndicho kinachofikiri, na kufikiri kunaleta joto. Juu yake kinakaa chuma chenye mapezimapezi, na juu ya chuma kuna feni. Ukitazama uso wa prosesa na uso wa chuma utaviona laini kama kioo, kumbe vina vibonde visivyoonekana, na hewa ikikaa kwenye vibonde joto halipiti. Ule uji unajaza vibonde. Haujawekwa pale uwe godoro.

"Punje moja ya nchele," Benedikti alikuwa akisema. "Katikati. Si pishi."

Alisema nchele, kama watu wengi wa kwetu wasemavyo, na hata kuandika aliandika hivyohivyo. Kwenye karatasi zake za kazi palikuwa na nkono, nchele, ntu. Mimi nilizipiga chapa upya, nikaing'oa kila n na kuweka m, maana nisingelala. Siku moja alinikuta nafanya hivyo, akavua miwani akanitazama.

"Rehema," alisema, "unatibu ntu asiyeumwa."

Nilicheka, nikaendelea kusahihisha.

Alinifundisha mengine ambayo hayamo vitabuni, au yamo lakini mtu hayasomi. Kwamba kabla hujagusa prosesa, gusa kwanza chuma kitupu cha boksi, kwa sababu mwili wa mtu, hasa aliyevaa nailoni msimu wa kipupwe, una umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini yenyewe unaiua. Kwamba ukipulizia vumbi kwa pampu uishike feni kwa kidole, isizunguke ovyo. Kwamba usipulize kwa mdomo, mate si dawa. Na kwamba kwenye pembe ya prosesa kuna kialama cha pembetatu, na kwenye kiti chake kipo kingine. Ukivikutanisha inashuka yenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa. Ikikataa, alisema, imekuambia kitu, isikilize.

Bwana mmoja mwenye duka la steshenari Ruangwa hakuisikiliza. Alinunua prosesa, akaiweka imegeuka, na ilipokataa akaikandamiza kwa dole gumba kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Alituletea ikiwa imefungwa kwenye leso. Vile vijiti vya chini yake, vembamba kama unywele, vilikuwa vimelala upande mmoja kama ufuta uliopigwa na mvua ya mawe. Benedikti akampa pole ya msiba kabisa. Kisha akatoa kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile isiyochongwa, iliyotolewa risasi yake, na kwa kile kitundu cha mdomoni akawa anakivisha kijiti kimoja kimoja na kukiinua kidogo, anakiacha, anarudi tena. Chuma chembamba kikikunjwa mara moja kinasamehe, kikikunjwa mara ya pili kinakatika. Vingi viliinuka, viwili vikakatika, na prosesa ile ikawa imekwenda. Mwenyewe aliitoboa akaifanya kishikio cha funguo, na naambiwa hajasukuma kitu kwa dole gumba tangu hapo. Kalamu ile Benedikti alinipa mimi siku alipostaafu. Ninayo mpaka leo.

Kazi ya kwetu ina misimu yake, kama shamba. Ufuta ukipigwa, vumbi jepesi linaingia hadi kwenye mashine za ofisi za ghorofani, hizo chache tulizonazo. Korosho zikianza, shida ni moshi. Kule Lionja palikuwa na ofisi ndogo ambayo kompyuta yake ilikuwa inazirai kila msimu wa korosho na kupona yenyewe ukiisha. Niliifungua nikakuta feni imeganda kwa kitu cheusi, kizito kama lami. Chini ya dirisha alikuwepo mama mmoja anayekaanga korosho, na moshi wa maganda ya korosho una mafuta ndani yake. Nikaomba kwa adabu mama asogee. Akanijibu kwa adabu ileile kwamba yeye alikuwa pale kabla ya dirisha. Nikaulizia, nikakuta ni kweli. Ikahama kompyuta, na mimi nikaondoka na kikopo cha korosho za moto.

Sasa nije Mbekenyera. Wakati huo Benedikti alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani Chiola, macho na mikono imechoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka wilaya zote mbili, Nachingwea na Ruangwa. Mbekenyera palikuwa na shule ya sekondari iliyokuwa imepewa msaada wa kompyuta chakavu, zile nzito za zamani, na mwalimu wa hisabati, Mwalimu Fatuma, alikuwa amejitwisha somo la kompyuta bila kuongezewa kitu isipokuwa lawama. Chumba alichozipangia kilikuwa stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Alikiomba kwa mkuu wa shule mpaka mkuu akachoka. Naye mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha na mahindi yaliyohamishiwa kwenye chumba kinachovuja. Alimkubalia kwa sharti moja, na alilisema mbele ya walimu wote: wanafunzi wa kwanza wa somo lile wafanye mtihani wa vitendo ndani ya chumba kile, kila mmoja na mashine yake. Mashine zikishindwa, somo linakufa na mahindi yanarudi.

Muhula wa mwisho mashine zikaanza kuzirai. Mimi nilikuwa nimeitwa Liwale, sehemu ambayo simu ilikuwa ni ya kuangalizia saa tu. Mwalimu Fatuma akampigia Benedikti. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mzee alisikiliza dalili akapatia kabisa: dawa imekauka. Akamwelekeza afungue, afute ile iliyokauka, apake dawa mpya. Mwalimu akauliza dawa gani. Mzee akajibu ni ile nyeupe, ya kwenye tyubu, dukani ipo. Hapo mtandao ukakatika, kama unavyokatika siku zote neno linapofika mahali pake.

Benedikti alikuwa na maana ya duka la vifaa vya umeme. Mwalimu Fatuma alimwagiza kijana wa bodaboda aliyekuwa anakwenda Ruangwa mjini amletee dawa nyeupe ya kwenye tyubu, na yule kijana, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, akarudi na dawa ya meno. Alinunua ile kubwa ya familia. Mwalimu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alisita kidogo. Akaonja kwenye ulimi, ikampoza mdomo mzima, akasema moyoni, kumbe ndiyo maana. Mimi sijawahi kumcheka kwa hilo. Alikokotoa vizuri kabisa, ila alipewa swali lenye kosa.

Na hakuwa mchoyo. Alipaka kama anayepaka ukuta.

Ubaya wa dawa ya meno ni kwamba inafanya kazi. Ina maji, na ikiwa mbichi inapitisha joto. Mashine zilitulia, wanafunzi wakarudi kwenye mazoezi, mkuu akapita kuchungulia akaridhika. Kisha ikakauka, ikapasukapasuka kama tope la bwawa, na asubuhi moja zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine watoto wakiwa wameweka vidole kwenye vitufe. Mwalimu akavamia mojawapo, akafungua, akakivuta kile chuma juu kwa nguvu. Dawa ilikuwa imekamata kama saruji. Chuma kikang'oka na prosesa imeganda chini yake, vijiti vimelala.

Habari zilinikuta narudi kutoka Liwale, nikapitiliza hadi Mbekenyera, nikamkuta Mwalimu mlangoni ananisubiri, chaki bado mkononi. Niliposalimia alijibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nikafungua boksi la kwanza, na chumba kizima kikanukia kama bweni la wasichana asubuhi kengele ikishagongwa. Kicheko kilinifika kooni. Nikamtazama usoni, kikarudi chini.

"Dada Rehema, nimeziua," alisema. "Mtihani ni wiki ijayo. Mkuu ameshaagiza magunia."

Nikamwambia asimzike ambaye hajakata roho. Niliogopa, lakini sikumwonyesha. Nilikuwa nimeshaona prosesa nyingi zilizokufa kwa joto, na hizi zilikuwa za zamani, zisizojua kujilinda vizuri kama za siku hizi.

Tukaanza kazi. Zilizokuwa zinawaka tuliziwasha kidogo zipate uvuguvugu, tukazima na kuchomoa waya, halafu badala ya kuvuta chuma nikawa nakizungusha, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayefungua kopo lililogoma, mpaka kinaachia chenyewe. Vijana, likaririni hili: kizungushe, usikivute. Dawa iliyokauka niliikwangua kwa rula ya plastiki, siyo kisu, kisha nikafuta kwa pamba na spiriti, Mwalimu akifuta vya kwake pembeni yangu. Nikapaka ya kwetu, ile tyubu niliyokuwa nayo mkobani, punje moja kila prosesa. Kila mashine ilipowaka na kubaki inawaka, alinyanyua macho kidogo, halafu akayashusha tena. Ile aliyoing'oa niliikalia mchana kutwa na kalamu ya Benedikti. Vijiti vyote viliinuka, na hakuna kilichokatika. Ilipowaka Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi akajifunika uso kwa mtandio.

Ikabaki ya dirishani. Hii ndiyo aliyoipaka ya kwanza, wakati tyubu ingali imejaa, na dawa ilikuwa imefurika kando ikashuka mpaka kwenye kiti cha prosesa ikiwa bado mbichi. Umeme ukapita pasipo njia yake. Nilipoigeuza prosesa nikaona doa jeusi chini, na kwenye ubao wake pia. Nikanusa. Harufu ya kuungua ikichanganyika na ya mnanaa, siombi mtu ainuse. Ile haikuwa imezirai.

Idadi ya mashine ilikuwa sawa na ya watahiniwa, hapakuwa na ya ziada. Mkuu wa shule alikuja akasimama mlangoni, akaangalia zile zinazowaka, akaiangalia ile moja. Hakufoka. Alisema polepole, "Mwalimu, tulikubaliana." Ingekuwa afadhali angefoka.

Nikatoka nje nikatafuta mahali penye mtandao, karibu na jiko, nikampigia Benedikti kumuuliza kama anamjua mtu mwenye mashine ya zamani ya aina ile. Aliniuliza walipaka dawa gani. Nikamwambia.

"Mimi ninayo," akasema.

Nilijua anayo. Nilikuwa nimejikataza kuiomba. Alikuwa ameiunganisha mwenyewe kutokana na maiti za nyingine, iko sebuleni kwake Chiola, na ndani yake alihifadhi nyimbo za kwaya ya parokia ambamo marehemu mkewe aliimba sauti ya kwanza. Kila jioni aliiwasha.

Kesho yake alifika kwa bodaboda, amelikumbatia boksi magotini, limefungwa kwenye kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua. Sikuuliza alikipataje. Pasaka ile, kumbe, yeye na Bi Kostansia walipatana kweli. Prosesa alikuwa ameichomoa na kuiweka peke yake kwenye kikopo chenye sponji, kwa sababu barabara ina mashimo na chuma kizito kikirukaruka juu ya prosesa kinaweza kuivunja. Ndivyo alivyokuwa. Hata kwenye huzuni hakuruka hatua. Nilimwahidi kwamba ikiwaka tu nitazihamishia nyimbo zake kwenye flashi, kabla shule haijaigusa.

Mwalimu Fatuma alimwamkia, "Shikamoo babu," huku ameinamisha kichwa. Mzee aliitikia, akamshika mkono na hakuuachia.

"Mwalimu, neno lilikuwa langu," alisema. "Nilisema dawa kwa ntu asiyeijua hospitali yangu."

"Nami ningeuliza tena, babu."

"Simu ilikatika. Basi, tusigombanie kosa kama urithi. Tufanye kazi."

Tulicheka wote, na ndipo chumba kikapata hewa. Aliketi mbele ya boksi lake, akakifungua kikopo, akaitoa prosesa kwa pembe zake mbili. Akaishikilia juu ya kiti chake. Mkono ukatetemeka. Akaurudisha, akasubiri, akajaribu tena, ukatetemeka vilevile. Akanigeukia.

"Nkono wangu hauaminiki tena. Weka wewe."

Nimeweka prosesa nyingi maishani, na ile tu ndiyo ninayoikumbuka ilivyokuwa mkononi. Nikagusa chuma. Nikatafuta pembetatu. Ikashuka yenyewe, bila kusukumwa, nikasikia mzee ameshusha pumzi nyuma yangu. Nikampa Mwalimu Fatuma ile tyubu. Alisita. Benedikti akasogeza uso karibu, amekaza macho yake mabovu, akamwambia: punje moja ya nchele. Mwalimu akabonyeza kidogo. "Katikati," mzee akasema. "Basi. Hiyo imeshapona."

Iliwaka. Nilizinakili nyimbo kwenye flashi, na kabla hatujazifuta kwenye mashine tulimchezea mzee moja, chumba kizima, pamoja na mkuu wa shule aliyekuwa amerudi mlangoni. Ni marehemu mkewe anaimba sauti ya juu, safi, na feni zinavuma chini yake. Mkuu alisimama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema magunia yatasubiri, akaondoka.

Siku ya mtihani mimi na Benedikti tulikaa nje ya jiko la shule, tunakula ugali wa yale mahindi yenyewe, masikio yakiwa kwenye chumba cha mtihani. Hakuna aliyefungua mlango kuja kutuita. Wanafunzi walipotoka walikuwa wanalalamikia swali la majedwali, kwamba lilikuwa gumu na halikufundishwa. Hakuna hata mmoja aliyezitaja mashine. Fundi hasifiwi zaidi ya hapo, na mimi sihitaji zaidi ya hapo.

Tangu siku ile nimewakataza vijana wote waliopita karakanani kwangu kuuita ule uji dawa. Ni pesti. Mteja akisikia dawa, anaweza kuleta hata ya kikohozi. Benedikti alikubali kwa heshima, akaendelea kusema dawa mpaka alipofariki, miaka michache baadaye, kwa uzee, kitandani kwake, redio ndogo yenye ile flashi ikiwa pembeni. Nilimlilia kama baba. Lakini mtu aliyemaliza kazi yake vizuri hamwachii aliyebaki uchungu, na nikimkumbuka sasa mara nyingi nacheka.

Mwezi uliopita, nikiwa sina ofisi tena ya kunikimbiza, nilikwenda Mbekenyera kumsalimia Mwalimu Fatuma. Mahindi yamejengewa banda lao, zuri kuliko chumba kile. Mashine nyingi zimebadilishwa, lakini ya dirishani ni ileile ya Chiola, inatumika kufundishia: wanaifungua na kuifunga, na bado inawaka. Nikakuta kipindi kinaendelea, nikaketi nyuma. Mwalimu akauliza darasa, pesti inapakwa kiasi gani. Wakajibu wote kwa sauti moja, kama wimbo wa zamani wa shule ambao hakuna anayekumbuka nani aliutunga: punje moja ya nchele.

Akamwita binti mmoja aandike ubaoni. Binti, mwenye mwandiko safi, akaandika "punje moja ya mchele". Chumba cha pili ni darasa la Kiswahili, na pale angepata alama zote. Vidole vyangu vilikuwa vimeshatulia mapajani kwa kuridhika. Mwalimu Fatuma akachukua kifutio, akaifuta ile m, akaweka n, akanitazama huku nyuma kuona kama nitasema kitu.

Sikusahihisha.